Viwavi wa Delfina

Mukabutera hakuwa mtu wa kunywa ovyo. Ukimkaribisha chai, maziwa, hata maji ya bomba, ilibidi upige funda moja mbele yake kwanza, ndipo umkabidhi kikombe. Ndivyo alivyolelewa kwao, kwenye milima ya Kivu Kusini: mwenye nyumba huonja, mgeni hufuata, na hakuna anayeuliza kwa nini. Wengi walioletwa Marekani waliiacha desturi hiyo njiani. Yeye aliibeba mpaka Buffalo, mtaa wa kaskazini, na akina mama wa kanisani walishamjua. Soda ya Mama Gisubizo, kama walivyomwita kwa jina la mwanawe, unaifungua, unaionja, halafu ndiyo unampa. Walimcheka, lakini walionja.

Walicheka kwa sababu hawakuyajua yote. Mumewe, Gatsinzi, alifia Uvira siku chache baada ya harusi ya jirani, ambako alipokea kata ya maziwa mala kutoka kwa mtu ambaye hakuonja. Daktari alisema ni ini. Mukabutera alimsikiliza daktari hadi mwisho, akamshukuru kwa adabu, na hakuamini hata neno moja.

Basi Gisubizo, mwanawe wa pekee, alipompigia simu kutoka Louisville miezi michache baada ya kuoa, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua kwamba tumbo linamsumbua kidogo, mama mtu alikaa kitako.

"Linakusumbua namna gani?"

"Ni gesi tu, mama. Ni hii shifti ya usiku. Na pilipili."

"Nani anapikaka?"

"Delfina."

"Bon," alisema Mukabutera, na tangu siku hiyo roho yake haikutulia.

Delfina alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Mukabutera alikuwa amemwona mara moja tu, siku ya harusi, naye aliyefunikwa shela huwezi kumsoma. Kiswahili chake kilikuwa laini mno, kama cha mtangazaji wa redio, na Mukabutera hakuwahi kumwamini mtangazaji wa redio hata mmoja.

Shauri alilipeleka kwa Yudita, rafiki yake tangu ujana, aliyekuwa akiishi Westerville, kaskazini ya Columbus. Yudita alikuwa na dawa ya kutoa sumu, unga wa mizizi uliotoka nyumbani, mchungu, wa rangi ya udongo. Watu wa kanisa waliokuwa wakienda Louisville waliubeba bila kujua walichobeba. Gisubizo alipewa masharti kwa simu: kikombe kimoja kila Jumamosi, na mke asijue. Kijana alibisha. Mama akalia, akalitaja jina la marehemu baba yake, na kijana akanywa. Akatapika mpaka nyongo.

Mukabutera alipopata habari hiyo alipiga magoti palepale kwenye zulia akamshukuru Mungu. Inatoka! Jumamosi iliyofuata kijana akatapika tena. Inatoka, alisema mama, lakini kumbe bado wanaiingiza! Mwaka ukaenda hivyo. Kila Jumamosi Gisubizo alitapika, kila mwezi suruali ilimlegea zaidi, na kila habari ya kukonda kwake ilimwongezea mama yake uhakika.

Mwezi wa nane alitumiwa picha. Mashavu ya mwanawe yalikuwa yamebonyea kama ya mzee. Mukabutera alikata shauri: angekwenda Louisville kumchukua mtoto wake na kumrudisha Buffalo, akiwa hai, na huyo mtangazaji wa redio abaki na redio yake.

Alipanda basi hadi Columbus. Yudita alimlaza kwake, akamkabidhi chupa mpya ya dawa, iliyokwisha kukorogwa, nyeusi kuliko zote za awali.

"Hii iko na nguvu," Yudita alisema. "Na ukifika kule, anza kuangalia bustani. Mutu wa sumu hanunuake dukani. Anapandaka."

Mukabutera aliifunga chupa ndani ya kitenge na kuisukuma chini kabisa ya begi lake.

Delfina alimpokea mlangoni akiwa bado kwenye sare ya nyumba ya wazee alikofanya kazi. Akapiga magoti yote mawili. "Shikamoo, mama. Karibu nyumbani. Pole na safari."

"Asante," alisema Mukabutera, akichungulia nyuma ya mkwewe. Gisubizo alisimama ukumbini, fulana ikimning'inia mabegani. Mama alimkumbatia akazisikia mbavu zake moja moja, na hasira ikampanda.

Hata hajakaa vizuri, Delfina alileta glasi ya maziwa ya baridi, imejaa pomoni. Aliishika kwa mikono miwili, akainama, akaiweka mbele ya mgeni, akarudi nyuma akisubiri huku anatabasamu. Hakuonja. Mukabutera alingoja. Delfina naye alingoja. Maziwa yalikaa pale, meupe, na Gatsinzi wa watu akarudi mawazoni mwa mjane wake kama aliyekufa jana.

"Niko nafunga," alisema Mukabutera. "Ya maombi."

"Oh, pole, mama. Nitakuwekea kwenye friji."

Weka, alijibu Mukabutera moyoni. Weka kabisa.

Alitoka uani kupunga upepo, na huko nusura moyo umpasuke. Kando ya uzio, mstari mzima, palikuwa na mimea iliyomfika begani, majani manene mapana, hakuna hata moja analolifahamu kwa mboga. Alikata jani moja. Palepale kwenye kikonyo likatoka tone jeupe zito, likafuatwa na jingine, kama chuchu ya ng'ombe. Mukabutera alilitupa. Kule Uvira watu walizungushia nyua zao mnyaa, nao mnyaa ukiukata hutoa maziwa ya namna hiyohiyo, na alikuwa amemwona mbuzi aliyepofuka kwa ajili yake. Hakuna mtu mwenye akili anayepanda kitu cha maziwa meupe karibu na jiko.

"Umewaona watoto wangu, mama?"

Delfina alikuwa nyuma yake. Alipindua jani, na hapo Mukabutera akawaona viwavi, wanene, wenye mistari myeusi, ya manjano na myeupe, wakitafuna bila haraka.

"Hii majani munakulaka?" Mukabutera aliuliza.

"Sisi? Hapana, mama!" Delfina alicheka. "Ina sumu."

Alilisema kweupe hivyo, bila hata kupepesa jicho. 

Delfina alikuwa anasomea ualimu wa sayansi jioni, na ukimgusa kwenye vipepeo, basi umemwaga mtama. Alieleza kwamba mama kipepeo hutaga yai mojamoja chini ya jani hili, wala hatagi kwingine. Kiwavi akitoka hula majani haya tu, sumu yake haimdhuru, bali anaihifadhi mwilini, anajifunga ndani ya kifuko cha kijani chenye nukta za dhahabu, na akitoka akiwa kipepeo bado anayo.

"Ndege akimla, mama, anatapika. Na akishatapika mara moja, ndiyo basi tena, hamgusi. Hata akimwona mdudu mwingine wa rangi ileile asiye na hatia, anamkimbia."

"Nani alikufundisha hii mambo ya sumu?"

"Chuoni, mama."

Kumbe inasomewa, alijisemea Mukabutera.

Kipepeo mmoja alikuwa amekuja kutua ubavuni mwa uzio, rangi ya chungwa, mishipa myeusi, madoa meupe pembeni mwa mabawa. Delfina alishusha sauti. "Huyu ana ndugu yake kule kwetu. Lazima ulimwona ukiwa mdogo, ni mdogo kidogo kuliko huyu, ncha za mabawa nyeusi, na mkanda mweupe."

Alikuwa amemwona. Mukabutera alimkumbuka sawasawa, kwenye malisho, akizunguka miguu ya ndama wakati yeye ni msichana mwenye fimbo mkononi. Kwa muda mfupi alisahau kilichomleta.

"Wataalamu wamewaweka ukoo mmoja," Delfina aliendelea. "Ukoo wa Danaus. Wa hapa ni plexippus, wa kwetu ni chrysippus. Na bado wanabishana nani ni ndugu wa nani. Kuna wa Amerika Kusini walimhesabu pamoja na huyu, wengine wakamtoa, wakampa jina lake."

Habari za koo Mukabutera alizielewa. Kwao mtu haposi kabla hajahesabiwa mababu. "Banajuaje kama ni ukoo moja?"

"Kwa mishipa ya mabawa, kwa viwavi wao, kwa damu yao. Na kwa chakula. Wengi wao wanalelewa na majani ya namna hii." Delfina alipangusa vumbi la jani. "Ila wa kwetu wana balaa moja. Kuna sehemu za Afrika Mashariki ambako mama anabeba kijidudu ndani yake. Haumwi, ni mzima kabisa. Lakini akitaga, watoto wa kiume wanakufa. Wanabaki wa kike tu."

"Ba kiume bote?"

"Karibu wote, mama."

Mukabutera alimtazama mkwewe huyu, mzima kabisa, haumwi. Akarudi ndani bila kuaga.

Jumamosi Delfina alipokwenda sokoni, Mukabutera alimpa mwanawe kikombe mwenyewe, bafuni, amesimama mlangoni kama askari. Gisubizo alikunywa amefumba macho. Akatapika hadi akashikilia ukuta.

"Inatoka, papa yangu," mama alimwambia, akimsugua mgongo. "Inatoka."

Delfina aliporudi na kumkuta mumewe amelala kwenye kochi, rangi imemtoka, alidondosha mifuko. "Tena? Gisu, tena? Nimekuomba uende hospitali mara ngapi?" Akaketi sakafuni, akalia kwa sauti.

Mukabutera aliyapima machozi yale kutoka jikoni. Yalikuwa mengi, na yalikuja haraka. Mimi pia ningelia, aliwaza, kama kazi yangu ingekuwa inachelewa hivyo.

Tangu afike alikuwa akila mikate aliyotoka nayo Buffalo na mayai aliyojichemshia mwenyewe. Kwenye rafu ya jikoni aligundua chombo cha kioo chenye majani yale yale na viwavi ndani, karibu na chumvi. Karibu na chumvi! Hapo alijua hana haja ya ushahidi mwingine.

Jumatatu asubuhi Gisubizo alirudi kutoka shifti yake ya usiku ghalani, na mama akampa kikombe kingine kabla hajalala, maana Yudita alishauri kwa simu kwamba sumu ya kusomewa haitoki kwa kikombe cha wiki. Akatapika, akalala. Delfina alikuwa kazini. Mukabutera alijifunga kitenge kiunoni, akatoka uani, akaanza kung'oa.

Aling'oa kwa hasira ya mwaka mzima. Mashina yalikatika, maziwa yakamwagika viganjani, yakamshika vidole kama gundi. Viwavi walidondoka nyasini wakajikunja. Jua lilikuwa kali, jasho likamtiririka usoni, na bila kufikiri akajipangusa jicho kwa mkono.

Mwanzoni alihisi mwasho. Halafu moto. Halafu uzio, nyasi na mbingu vikawa ukungu mmoja, na Mukabutera akaanguka kwa magoti akipiga kelele kwamba amerogwa.

Delfina ndiye aliyemkuta, akiwa amerudi kula chakula cha mchana. Aliona mstari wote wa mimea umelala chini, akaona na viwavi. Aliziba mdomo. Kisha akamwona mama.  Alimwinua, akamvutia kwenye bomba la uani, akamfungua kope kwa vidole, akamwoshea jicho kwa maji mengi huku Mukabutera akimpiga mabegani na kumwita mchawi. Alimwosha tu. Halafu akamwamsha Gisubizo, akawatia wote kwenye gari.

Kliniki daktari alimulika jicho, akaandika dawa ya matone. Gisubizo alitafsiri. Ni utomvu, ngozi ya juu ya jicho imevimba, itapona baada ya siku kadhaa, ni bahati kwamba lilioshwa mapema na vizuri. Nani aliliosha?

"Mukwe," Mukabutera alinong'ona.

Gisubizo alikuwa bado anatafsiri neno hilo alipojishika tumbo, akakimbilia pipa la taka lililokuwa kona ya chumba, akatapika mbele ya daktari. Muuguzi akamkalisha, akamshika mshipa wa mkono. Umekula nini leo? Hakuna kitu. Umekunywa dawa gani? Gisubizo alitazama sakafu. Muuguzi akarudia. Delfina akasema, kwa ile sauti laini: "Gisu. Jibu."

Kijana alimtazama mama yake mwenye jicho lililofunikwa bendeji. Halafu akajibu kwa Kiingereza, taratibu, yote. Mizizi. Kila Jumamosi. Na leo tena. Mukabutera hakukielewa Kiingereza, lakini alimwona Delfina anavyosikiliza, akajua kinachosemwa. Daktari aliacha kuandika. Alisema hilo likome leo, akamchukua kijana damu, akamwekea maji ya mshipani, akasema kama angeendelea hivyo mwezi mwingine, asingeahidi kitu.

Maji yalipoisha, walirudi garini. Delfina ndiye aliyeanza, macho barabarani.

"Mwaka mzima nimejiuliza nakulisha nini. Nimetupa sufuria. Nimeacha pilipili, nimeacha maharage, nimebadilisha mafuta. Nimefunga na kuomba nikidhani nina laana. Na wewe ulikuwa unajua!" Alipiga usukani kwa kiganja. "Na mama anakaa kwangu siku zote hizi anakula mayai. Nimemkosea nini?"

"Hukuonja," Gisubizo alisema kwa sauti ndogo. Akamweleza desturi, na kata ya maziwa ya Uvira, na baba yake. Alimaliza kwa kusema kwamba aliona haya kumwambia, alidhani atacheka.

Delfina hakucheka. Aliendesha hadi nyumbani, akawaacha mezani jikoni, akatoka uani na boksi. Waliokuwa hai aliwaokota mmojammoja, akawawekea majani ambayo hayajanyauka, akalileta boksi ndani, akaliweka juu ya meza. Akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Halafu akafungua friji.

Alimimina maziwa kwenye glasi. Alisimama mbele ya Mukabutera, akanywa funda moja, akameza, midomo ikabaki na ukingo mweupe. Akaiweka glasi mezani kwa mikono miwili.

"Nimeonja, mama. Unisamehe. Kambini kila mtu alikuwa na kikombe chake, hakuna aliyetufundisha."

Mukabutera aliinua mkono kuipokea. Alisikia aibu, aibu ya kweli, iliyomchoma kuliko jicho. Lakini Delfina hakuwa amemaliza. Alikwenda chumba cha mgeni, akapekua begi la mama, akarudi na kitenge kilichofungwa, akakifungua. Chupa nyeusi ya Yudita akaiweka kando ya glasi.

"Na hii, mama? Hii uliionja?"

Ndani ya boksi viwavi walikuwa wakitafuna.  Mukabutera aliitazama chupa. Alitaka kusema Yudita ni rafiki wa tangu ujana. Alitaka kusema mizizi imetoka nyumbani. Alifikiri nyuma, Jumamosi kwa Jumamosi, mwaka wote, akamtafuta mtu mmoja aliyepiga funda la kwanza kabla ya mwanawe kunywa. Hakumpata. Yeye, aliyewaonjesha wanawake wa Buffalo hata soda ya dukani, alikuwa amempa mwanawe wa pekee kikombe ambacho hakuna mtu aliyekionja.

"Apana," alisema. "Sikuonja."

Aliivuta chupa, akafungua kifuniko.

"Mama, acha!" Gisubizo aliinuka.

Lakini alikuwa ameshapiga funda. Uchungu ulimshika ulimi, ukashuka kifuani. Aliketi wima, mikono magotini, akingoja kama mgeni anayesubiri chakula. Wote watatu walingoja. Haikuchukua muda. Tumbo likampinduka, na Delfina, ambaye kazi yake ilikuwa kuwashika wazee, alikuwa tayari na beseni. Akamshika paji la uso kwa mkono mmoja, kitambaa cha kichwani kwa mwingine.

Mukabutera alitapika, akapumzika, akatapika tena.

"Inatoka, mama," Gisubizo alisema kutoka upande wa pili wa meza.

"Nyamaza wewe," Delfina alimkemea. "Mletee mama maji."

Akayaleta. Mukabutera aliipokea glasi kwa mikono miwili, akanywa yote, hakungoja mtu aonje.